Msichana Aliyekosa Siku Zake Aulizwe Kwanza Amekula Nini

BARUA YA WAZI

KWA: Wakuu wa shule za sekondari, walimu wa michezo, matroni wa mabweni na watoa huduma za afya, Wilaya ya Rungwe

YAH: WASICHANA WANAOKATIKIWA NA HEDHI KWA NJAA, MAZOEZI NA MAWAZO



Hedhi ya msichana aliyekwisha kuvunja ungo inaweza kukatika miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima na zaidi, bila mimba na bila ugonjwa wowote kwenye mfuko wa uzazi. Kinachozimika katika hali hiyo ni amri inayotoka kichwani. Haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo yenye ukubwa wa lozi, hupunguza au husitisha ishara inayoamsha vifuko vya mayai. Vifuko hulala, yai halipevuki, na damu ya mwezi haiji. Wataalamu wanaiita hali hiyo ukosefu wa hedhi wa haipothalamasi. Huletwa na mambo matatu ambayo mara nyingi hufuatana: chakula kisichotosha, mazoezi au kazi nzito, na msongo wa mawazo. Hali hii hupona, na wengi hupona bila kumeza dawa hata moja.

Katika shule na vijiji vya Rungwe, kama ilivyo kwingi nchini, msichana akikosa siku zake maswali huja kwa mpangilio unaojulikana. La kwanza: mimba ni ya nani? Kipimo kikionyesha hakuna mimba, linafuata la pili: nani amemfunga kizazi? La tatu huulizwa kwenye dirisha la duka la dawa: kuna kidonge cha kurudisha damu? Alichokula jana na juzi, na kilomita alizotembea au kukimbia, hakuna anayeviuliza. Malalamiko yote ya barua hii yanatokana na swali hilo lisiloulizwa, na maombi yake yote yanataka liulizwe.

1. Amri inayotoka kichwani

Ishara yenyewe ni homoni inayotolewa kwa mapigo. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko hupiga takriban kila baada ya dakika 60 hadi 90, usiku na mchana. Kila pigo huifanya tezi ya pituitari imwage kwenye damu homoni mbili zinazosafiri hadi kwenye vifuko vya mayai: moja hulikuza yai, nyingine hulitoa. Yai linapokua, kifuko hutengeneza estrojeni. Likishatoka, hutengeneza na projesteroni. Yai lisipotungwa, homoni hizo hushuka, utando wa ndani wa mfuko wa uzazi humomonyoka, na hiyo ndiyo hedhi. Umuhimu wa mapigo ulionyeshwa mwaka 1978 na Ernst Knobil na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Kima wa maabara waliotiliwa homoni hiyo mfululizo, pituitari zao zilizima. Walipotiliwa kwa pigo moja kila saa, zikaamka.

Haipothalamasi haipigi kwa mazoea tu. Wakati wote inapokea taarifa za ghala. Mafuta ya mwili hutuma leptini, kongosho hutuma insulini, tezi ya shingo hueleza kasi ya matumizi, na tezi zilizo juu ya figo hutuma kotisoli, ambayo hupanda mtu akiwa na hofu au akichoka kupita kiasi. Ghala likionekana kupungua, matumizi hupangwa upya. Moyo lazima upige, ubongo lazima ulishwe, joto lazima litunzwe, na kwa Tukuyu ya mwezi Julai, ukungu unapolala hadi saa nne asubuhi, kulitunza joto hilo ni gharama. Uzazi ndio unaoweza kusubiri. Nyumba iliyobakiwa na debe moja la mahindi haitangazi harusi. Wakati wa njaa ya Uholanzi, katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, wanawake wengi walikatikiwa na hedhi, wakaipata tena chakula kiliporudi. Hakuna aliyekuwa amewafunga kizazi.

Viungo vya uzazi vya msichana wa namna hii, kwa hiyo, ni vizima. Vinasubiri amri, na amri inasubiri chakula, mapumziko na utulivu.

2. Hesabu ya sahani

Mwaka 2003 Anne Loucks na Jean Thuma wa Chuo Kikuu cha Ohio walichapisha jaribio lililoipa hali hii tarakimu. Walichukua wanawake vijana wenye afya na hedhi ya kawaida, wakapima nishati inayobaki mwilini baada ya kuondoa ile iliyoliwa na mazoezi, wakaigawa kwa kilo za mwili bila mafuta, yaani misuli, mifupa na viungo. Iliposhuka chini ya kilokalori 30 kwa kila kilo kwa siku, mapigo ya homoni yalivurugika. Ilichukua siku 5 tu. Kiasi kinachotosheleza huwekwa kwenye 45. Miili hutofautiana, na 30 si ukuta ambao kila msichana hugonga mahali palepale, lakini tarakimu hizo mbili zinafaa kubandikwa kwenye jiko la kila bweni.

Achukuliwe msichana wa bweni mwenye kilo 45. Akiondolewa mafuta, mwili wake una kilo 36 hivi. Asubuhi anapata kikombe cha uji wa mahindi wenye kijiko cha sukari: takriban kilokalori 150. Mchana ugali wa gramu 150 za unga na upawa wa maharage: 680. Usiku ugali na maharage yaleyale: 680. Jumla ni 1,510. Jioni ana mazoezi ya mbio, kilomita 10, na kwa uzito wake zinamla kilokalori kama 450. Zinabaki 1,060. Zikigawanywa kwa 36 zinapatikana 29.

Msichana huyo hakulala na njaa. Tumbo lilijaa ugali mara mbili. Hata kukonda huenda hakukonda, maana mwili uliopunguziwa hujibana: hupunguza joto, hupunguza kasi, huzima kile kinachoweza kuzimwa, na mizani ikabaki palepale. Ndiyo sababu macho ya mwalimu, hata ya mwalimu anayejali, hayamwoni. Anayesubiri mifupa ya mabega ionekane ndipo aulize, anasubiri mno.

Sasa siku hiyohiyo iongezwe vitu vitatu: bilauri moja ya maziwa, nusu ya parachichi na ndizi mbivu mbili. Maziwa yanaleta kilokalori 160, parachichi 160, ndizi 210. Zinazobaki baada ya mbio ni 1,590, na kwa kila kilo ni 44. Maziwa hukamuliwa Rungwe kila alfajiri. Parachichi za Rungwe hupakiwa kwenda kuliwa Ulaya. Mikungu ya ndizi husimamishwa kando ya barabara ya Uyole hadi Kyela ikisubiri malori. Inauma kwamba dawa ya ugonjwa huu inapita mbele ya geti la shule ikiwa juu ya fuso, wakati ndani ya geti msichana anapangiwa safari ya kwenda kwa mganga. Nyanda za Juu Kusini zimezoea jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, inayolisha nchi, ikiongoza kwa udumavu wa watoto wadogo, Iringa ikiwa na asilimia 56.9. Chakula kulimwa ni jambo moja. Kufika kwenye sahani ya anayekihitaji ni jingine.

Mazoezi, katika hesabu hii, si yale ya uwanjani peke yake. Msichana wa kutwa anayeshuka bonde na kupanda mlima kwenda shule, akirudi anachota maji, na Jumamosi anashinda kwenye majani ya chai, amekimbia mbio zake bila filimbi ya mwalimu. Akitoka nyumbani na chai ya rangi tupu, na shule yao haitoi chakula cha mchana kwa sababu michango haijakamilika, 29 kwake ni tarakimu ya kutamani.

3. Kipimo cha mimba hakimalizi uchunguzi

Kipimo cha mkojo kinastahili kuwa cha kwanza, kwa hiari ya msichana na faraghani, kikifanywa na mtoa huduma wa afya. Kinacholalamikiwa hapa ni kuwapanga wasichana mstari wakapimwa kwa lazima, na kuamini kwamba kipimo kikitoka hasi kazi imekwisha. La kwanza limeshaamuliwa. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Center for Reproductive Rights, iliitaka Tanzania ikomeshe upimaji wa mimba wa lazima shuleni. Kabla ya hapo, Novemba 2021, serikali yenyewe ilikwisha kuruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, warudi darasani.

La pili halijaamuliwa na mtu. Msichana aliyepimwa na kukutwa hana mimba hurudishwa darasani kama mshtakiwa aliyeachiwa huru. Miezi mitano bila hedhi inabaki palepale, na sasa imeongezewa aibu. Minong'ono ya bwenini haisomi matokeo ya kipimo. Hofu hiyo nayo hupandisha kotisoli, na kotisoli huzidi kuikandamiza amri iliyokwisha kunyamaza.

Sababu nyingine zipo, na ni lazima zitafutwe. Sindano ya miezi mitatu na kijiti cha uzazi wa mpango hukausha hedhi ya wanawake wengi, nalo si ugonjwa. Kunyonyesha pia. Tezi ya shingo ikizidi au ikipungua huvuruga mzunguko, na nyanda hizi za juu zina historia ndefu ya rovu. Homoni ya maziwa ikipanda bila uja uzito, vifuko vya mayai vikijaa vivimbe vidogo vingi, kifua kikuu kikiingia kwenye mfuko wa uzazi: kila kimoja kina dalili zake na matibabu yake. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo naye aonwe na daktari. Ukosefu wa hedhi wa haipothalamasi hutamkwa baada ya hayo kuondolewa, lakini nusu ya kuyaondoa ni mazungumzo ya dakika 20 yasiyohitaji maabara: hedhi ya mwisho ilikuwa lini, anakula nini, anakimbia kiasi gani, analala saa ngapi, anatumia njia gani ya uzazi wa mpango, nini kilibadilika mwezi ule ilipokatika.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2017 na chama cha kimataifa cha madaktari wa homoni umeweka mpaka ulio wazi. Anayepitisha zaidi ya siku 45 kati ya hedhi na hedhi kila mara, au aliyekosa kwa miezi 3, achunguzwe. Ni kweli kwamba miaka miwili mitatu ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mzunguko huyumba. Kuyumba huko hakufiki kimya cha miezi mitatu, na jibu la "bado mdogo, itajirekebisha" limechelewesha wengi.

Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu kuhusu mila ya kumpokea binti aliyevunja ungo katika kitabu chake Rituals of Kinship among the Nyakyusa, kilichotoka 1957. Mengi ya mila ile hayapaswi kurudishwa, kwa kuwa yalimsogeza binti moja kwa moja kwenye ndoa. Lakini damu ya binti ilikuwa jambo lenye watu wazima wa kulijua. Katika bweni la leo lenye wasichana zaidi ya mia, anayejua kwamba mmoja wao ana miezi minne hajaziona siku zake ni msichana mwenyewe na rafiki yake wa kitanda cha chini.

4. Kidonge kinacholeta damu

Vidonge vya majira hutoa damu kila mwisho wa pakiti, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Damu hiyo hutoka kwa sababu homoni za kidonge zimesimama kwa siku 7. Ingetoka hata kama haipothalamasi imelala fofofo. Msichana anaamini amepona, mama anaamini, muuza dawa ameuza, na upungufu wa chakula unaendelea kula mwili kwa miaka miwili mingine pazia likiwa limeshushwa. Mwongozo huohuo wa 2017 unashauri vidonge vya uzazi wa mpango visitolewe kwa lengo la kurudisha hedhi tu au kulinda mifupa. Anayehitaji kuzuia mimba ana haki ya kupewa, lakini aambiwe wazi kwamba damu ya pakiti si ushahidi wa kupona.

Chakula, mazoezi na ushauri vikisharekebishwa kwa muda wa kutosha bila mafanikio, daktari anaweza kutoa kwa muda mfupi bandiko la estrojeni la kwenye ngozi, likiambatana na projesteroni kwa vipindi. Huo ni uamuzi wa hospitali. Duka la dawa halihusiki.

5. Mifupa

Mwenye miaka 16 hafikirii kuzaa, na kumwambia "hutapata mtoto" ni kumtisha bila kumsaidia. Hasara iliyo karibu naye ni ya mifupa. Sehemu kubwa ya mfupa wa maisha yote huwekwa katika miaka ya kubalehe, na estrojeni ndiyo inayoulinda usimomonyoke. Msichana anayekaa mwaka mzima bila estrojeni ya kutosha anashindwa kuweka akiba katika wakati pekee ambao akiba hiyo huwekwa kwa wingi, na hata hedhi ikirudi, mfupa si lazima urudi wote. Maziwa na dagaa wa Ziwa Nyasa huleta madini ya kalsiamu, ambayo kijana anahitaji miligramu 1,300 kwa siku, lakini kalsiamu peke yake haizibi pengo la estrojeni.

Dalili ya kwanza uwanjani ni maumivu ya ugoko au ya unyayo yasiyopoa, yanayoonyesha doa moja la kubonyeza kwa kidole. Huo unaweza kuwa ufa mdogo wa mfupa uliochoka. Mwalimu wa michezo husema apake dawa ya kuchua, aendelee. Mary Cain, mkimbiaji wa Marekani aliyekuwa nyota akiwa bado sekondari, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba chini ya shinikizo la kupunguza uzito alikaa miaka 3 bila hedhi na akavunjika mifupa 5. Karibu na hapa, watafiti wa Kenya, akiwemo Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa wakimbiaji wasichana walio katika umri wa shule. Upungufu wa nishati na hitilafu za hedhi vilikuwa vingi zaidi kwao kuliko kwa wasichana wenzao wasiokimbia. Hao ni watoto wa nyanda za juu, wanaokula ugali kama wa huku na kupanda milima kama ya huku.

Tanzania imepata heshima kupitia miguu na mikono ya wanawake tangu Theresia Dismas alipoleta medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Brazzaville mwaka 1965, hadi Magdalena Shauri aliposhika nafasi ya tatu katika maratoni ya Berlin mwaka 2023. Njia ya kufika huko hupita mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na kambi za mashindano hayo ndizo zenye hatari kubwa kwa mwanafunzi: mazoezi huongezwa maradufu ndani ya wiki chache, sahani ikabaki ileile. Kocha anayechukulia kukatika kwa hedhi kuwa alama ya kuiva kimazoezi anaisoma kinyume. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu wa nishati katika michezo mwaka 2014, ikaeleza kwamba huathiri mifupa, kinga ya mwili, moyo, hisia na ushindi wenyewe. Ilisema pia kwamba wavulana nao huupata, ingawa wao hawana kalenda ya kuwashtua.

6. Mawazo

Wapo wanaokula vizuri na hawakimbii, na bado hukatikiwa. Muhula wa kwanza bwenini hufanya hivyo, msiba hufanya hivyo, na miezi ya kuelekea mtihani wa Kidato cha Nne hufanya hivyo. Wengine wanabeba siri ya kuguswa au kubakwa, na hedhi iliyokatika ndiyo alama pekee iliyotokeza nje. Mwaka 2003 Sarah Berga na wenzake walichapisha jaribio dogo la wanawake 16 wenye hali hii. Nusu walipewa ushauri wa kisaikolojia kwa wiki 20, nusu waliangaliwa tu. Vifuko vya mayai viliamka kwa wengi wa waliopewa ushauri na kwa wachache wa waliosubiri. Mwalimu wa ushauri na unasihi, kwa hiyo, ni sehemu ya tiba. Shule inayompa vipindi 30 kwa wiki na ofisi isiyo na mlango imemnyang'anya msichana tiba hiyo.

7. Kupona

Tiba ni kuongeza chakula kila siku, kupunguza au kusimamisha mazoezi makali, kulala vya kutosha na kuondoa kinachotisha. Kuongeza huko kuwe kwa milo mitatu na vitafunwa viwili, bila kuruka kifungua kinywa, kwa sababu saa nyingi za tumbo tupu huhesabiwa na ubongo hata kama jumla ya siku ilitimia. Mafuta yasiogopwe. Uzito unaohitajika mara nyingi huzidi kidogo ule msichana aliokuwa nao hedhi ilipokatika, na hapo ndipo wengi hurudi nyuma, hasa walioanza kula kidogo kwa makusudi baada ya kuambiwa wamenenepa. Kauli ya "umenenepa" itokayo kwa mwalimu mbele ya wenzake ina nguvu ya kuzima mwili wa mtoto kwa nusu mwaka.

Muda wa kupona hutofautiana. Wengine huona damu baada ya miezi miwili mitatu, wengine hupita miezi 6, wengine mwaka. Kabla ya damu huja dalili ndogo: mikono kupata joto, usingizi kutulia, ute wa ukeni kurudi, hamu ya kula kuongezeka hadi msichana akajishangaa. Hedhi ya kwanza inaweza kuwa nyepesi na ya pili ikachelewa. Lipo jambo moja la kuelezwa bila haya: yai la kwanza hupevuka kabla ya damu ya kwanza, kwa hiyo aliyekaa mwaka bila hedhi anaweza kushika mimba bila kuona tone. Imani kwamba asiyepata siku zake hawezi kupata mimba imewaingiza wengi matatizoni.

Maombi

Walimu wa michezo wanaombwa wawe na daftari dogo ambamo kila msichana wa timu huandika mwenyewe tarehe ya hedhi kwa alama anayoijua yeye, daftari likitunzwa na mwalimu wa kike. Aliyepitisha miezi mitatu apumzishwe mazoezi makali na apelekwe zahanati, na nafasi yake kwenye timu ilindwe. Akijua atafutwa, atadanganya tarehe. Mwenye maumivu ya doa moja la mfupa asikimbie tena kabla ya kuonwa.

Wakuu wa shule na bodi wanaombwa wakae na wazazi wapige hesabu ya sahani kama ilivyopigwa hapo juu, kwa bei za soko la Tukuyu, Kiwira au Katumba. Mzazi asiye na fedha taslimu mara nyingi ana mkungu, ana kikapu cha parachichi, ana lita mbili za maziwa ya jioni. Mchango wa namna hiyo upokewe na uandikiwe stakabadhi sawa na debe la mahindi. Kambi ya michezo isifunguliwe kabla ya chakula chake cha ziada kupatikana. Upimaji wa mimba wa mstari ukome mahali popote unapofanyika.

Matroni wanaombwa waulize, faraghani na kwa sauti ya mama.

Watoa huduma wa zahanati na vituo vya afya wanaombwa kuandika mistari mitatu kwenye karatasi ya kila msichana aliyekosa hedhi: amekula nini siku mbili zilizopita, anafanya kazi au mazoezi gani, nini kinamsumbua. Kipimo cha mimba kikiwa hasi, arudi baada ya wiki nne akiwa na maelekezo ya chakula yaliyotajwa kwa majina, bilauri ya maziwa na nusu ya parachichi, kwa kuwa "kula lishe bora" haimwelekezi mtu popote. Baada ya miezi mitatu ya jitihada bila mabadiliko, au mara moja akiwa na maumivu ya kichwa yenye kuvuruga macho, maziwa yanayotoka kwenye chuchu, rovu, au uzito unaoporomoka, aandikiwe rufaa kwenda hospitali iliyo karibu, Makandana au Igogwe. Huko apimwe homoni za tezi, ya maziwa na za uzazi, na altrasaundi ya nyonga. Kisichopatikana huko kitafutwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kilomita zipatazo 70 kutoka Tukuyu, na shule impe ruhusa na nauli bila kumtaka aeleze sababu mbele ya darasa.

Wenye maduka ya dawa wanaombwa wasiuze kidonge cha kurudisha damu kwa mwanafunzi asiye na cheti cha daktari, na wamwelekeze zahanati.

Wasalaam.

Nakala: Afisa Elimu Sekondari (W), Mganga Mkuu (W), wenyeviti wa bodi za shule, wazazi wote wenye mabinti shuleni.